Fundi Tabu na Mafuta ya Nazi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Kama mpo mezani, nawaomba radhi. Malizeni kwanza kula, au punguzeni sauti. Habari ya leo ina uchafu ndani yake. Nimeizunguka wiki nzima nikitafuta namna ya kuisafisha, nimeshindwa, na naona marehemu mwenyewe asingetaka isafishwe.

Namkumbuka Bi. Tabu Mchopa. Amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Mtawanya, akiwa na miaka themanini na mitatu. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi. Tabu Mchopa, fundi saa wa Mtawanya, hatunaye.

Mwanamke fundi saa! Mwaka sabini na nne! Siku zile watu wanahamishiwa vijijini, foleni ya sabuni inalizunguka duka la ushirika, na mwanamke wa Kimakonde kakaa kibarazani na lenzi jichoni. Wapita njia walisimama kumtazama mpaka fundi aliyemfundisha anawafukuza.

Lakini kabla ya saa kulikuwa na korosho. Tabu alikuwa anamenya korosho kwenye kiwanda kimoja hapa mjini Mtwara. Kazi yake ilikuwa kuondoa ule utando mwembamba kwa ncha ya kisu, punje isivunjike. Ikivunjika, inashuka daraja, na msimamizi anakutolea macho. Tabu hakuvunja. Alikuwa na vidole vyepesi, na subira ya kukaa na punje moja mpaka iwe nyeupe pe.

Kilichomshinda ni kinyaa. Harufu ya mafuta ya maganda iliingia kwenye ngozi haitoki. Alikula wali, ukanuka maganda. Alibeba mtoto, mtoto akanuka maganda. Binti yake, Bi. Sharifa, aliniambia hivi: "Mama alikuwa mtu wa kinyaa kupita kiasi. Hawezi kunywea kikombe alichonywea mwenzake. Akiona kohozi njiani, siku hiyo hali. Sasa mtu wa namna hiyo, wewe mweke kwenye maganda!"

Basi siku moja akapeleka saa ya mumewe kwa Fundi Omari, aliyekuwa na meza yake kwenye kibaraza karibu na soko. Omari akafungua mfuniko wa nyuma. Skrubu ikamtoka, skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, ikaangukia mchangani. Omari akainama, akapapasa, akatukana. Tabu akamwambia, "Fundi, simama hapo hapo, usinyanyue mguu." Akachuchumaa, akachomoa kisu chake cha korosho, akaichokoa ile skrubu na kuiweka mezani kwa ncha. Omari akamtazama mikono. Akamwambia, "Njoo kesho."

Tabu akaenda kesho yake, akaacha kiwanda. Alidhani amekimbia uchafu. Masikini!

Wasikilizaji wapendwa, saa ya kwanza Omari kumpa mwanafunzi wake ilikuwa ya kuli wa bandarini. Omari akamwambia aifungue na kuisafisha. Tabu akaifungua. Ndani ya mfuniko kulikuwa na uji mweusi. Jasho la miaka sita, ngozi ya mtu, vumbi la saruji, magamba ya samaki, na kipande cha kucha. Kucha ya mtu, jamani! Harufu ikampanda puani. Akainuka mbio, akatapika nyuma ya kibaraza.

Omari alicheka mpaka akakohoa. "Dada, wewe ulidhani ndani ya saa kuna nini? Kuna watu."

Alirudi akajikaza. Akachokoa ule uji kwa kijiti, akaosha kwa petroli, akapiga mswaki gurudumu moja moja. Kila jioni alikwenda nyumbani akasugua mikono kwa majivu, maana sabuni haipatikani. Alijifunza haraka. Mwezi wa kwanza, kufungua na kufunga. Mwezi wa pili, kushika kibano bila kutetemeka. Mwezi wa tatu, kuitoa mashine yote kwenye kasha lake, kuivunja, na kuipanga tena mpaka ipumue, yaani ianze kugonga. Alimwambia Sharifa kwamba siku ile saa ya kwanza ilipopumua mkononi mwake alilia, na machozi yakamharibia lenzi.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Omari alikuwa na tabia ya kuokota skrubu kwa ulimi. Anatoa ulimi, anaigusa skrubu, inanata, anaipeleka mpaka kwenye kibano. Ulimi huo huo una ugoro. Skrubu hiyo hiyo imetoka kwenye jasho la kuli. Mate yanabaki ndani ya saa, saa inapata kutu. "Na wewe jifunze," akamwambia Tabu. "Ulimi ni kidole cha sita." Tabu akabetua midomo, akasema, "Fundi, hilo hapana. Nifukuze kazi ukitaka." Hakumfukuza. Vidole vile angevipata wapi?

Sasa tuje kwenye mafuta. Mashine ya saa inataka mafuta maalumu, tone moja dogo kwenye kila jiwe, vile vijiwe ambavyo magurudumu yanazungukia. Miaka ile mafuta hayo hayakuwepo Mtwara. Hata mafuta ya taa yalikuwa kwa foleni. Omari alikuwa na kichupa cha zamani cha dawa ya macho. Tabu akakinusa.

"Fundi, haya si mafuta ya nazi?"

"Ni mafuta."

"Ya nywele?"

"Unataka ya Uswisi? Nenda kaagize, mimi nakusubiri hapa."

Mwanafunzi ni mwanafunzi. Tabu akachovya sindano, akatia tone. Kuanzia siku hiyo kila saa iliyopita mikononi mwake ilitiwa mafuta ya nazi.

Mwezi wa Aprili, mwaka sabini na tano, akaja Nesi Agnes. Nesi Agnes alikuwa mtu wa Tukuyu, serikali imemleta kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa kule karibu na mdomo wa Ruvuma. Jina la kijiji naliacha. Alileta saa yake ya kazi, ile ya manesi, inayobandikwa kifuani ikaning'inia kichwa chini ili asome akiwa ameshika mkono wa mgonjwa. Ilikuwa imeingia mchanga.

Omari akasema, "Tabu, hii yako. Peke yako, toka mwanzo mpaka mwisho."

Nesi Agnes akamtazama Tabu, akamwambia maneno ambayo Tabu aliyashika mpaka kufa. "Dada, naomba unitengenezee vizuri. Kule sina daktari. Saa hii ndiyo inaniambia nani mgonjwa na nani mzima. Ikikosea, nimekosea mimi."

Tabu akaitengeneza siku mbili. Akaisafisha hadi ikang'aa. Akatia mafuta ya nazi kwenye kila jiwe, tone kwa tone, kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Nesi akaichukua, akashukuru, akaondoka. Tabu alitembea siku hiyo mjini akiwa mrefu.

Mnaonisikiliza kutoka pwani, ninyi mmeshajua ninapokwenda. Nani hapa hajui mafuta ya nazi yanavyofanya kipupwe? Mwezi wa Julai, upepo wa kusini ukivuma, ukiamka asubuhi unakuta chupa imeganda nyeupe kama mafuta ya mbuzi. Mama zetu wote wanaitoa juani kwanza ndipo wapake nywele. Tabu naye alikuwa anaitoa. Kila asubuhi ya Julai, chupa juani, ndipo nywele. Kisha anakwenda kazini, anatia mafuta yale yale kwenye saa za watu! Mwenyewe alimwambia Sharifa, "Mikono yangu ilikuwa inajua. Kichwa hakikuiuliza."

Saa ya mkononi inapata joto la mwili, inajikokota hivyo hivyo. Ya nesi inaning'inia kifuani juu ya gauni, na usiku inalala kwenye msumari ukutani. Asubuhi moja ya Julai, kabla jua halijapasha, akaletwa zahanati mama mmoja mjamzito. Jina lake Ashura. Mimba ya kwanza, uchungu umeanza, hali yake nzuri. Nesi Agnes akamshika mkono, akahesabu mapigo huku anatazama mshale wa sekunde. Mshale ulikuwa unavuta mguu. Dakika moja ya saa ile ilikuwa dakika moja na kitu. Nesi akapata mia na ishirini. Akarudia. Mia na ishirini.

Akaogopa. Mapigo hayo ni ya mtu anayevuja damu ndani. Kule hana damu ya kuongeza, hana daktari. Akafanya alichofundishwa: akamwahisha hospitali ya mjini. Gari lililopatikana ni lori la chumvi. Ashura akapandishwa juu ya magunia na mama mkwe wake. Lori likakwama kwenye mchanga, saa tatu nzima watu wanachimba. Ashura akajifungua juu ya magunia ya chumvi, jua kali, hakuna mkunga. Mtoto alikuwa amejiviringa kitovu shingoni. Mkunga angekitoa kwa kidole. Hakupona.

Ashura mwenyewe alipona. Hakuwa na ugonjwa wowote. Hakuwa amevuja damu hata tone.

Siku ya tatu Nesi Agnes akaja mjini. Hakusalimu. Akaiweka saa mezani mbele ya Omari na Tabu. "Nimejipima mwenyewe, mia na kumi," akasema. "Nikampima mwalimu mkuu, mia na kumi na tano. Nikampima mlinzi amelala usingizi, anakoroma, mia. Kwa saa hii kijiji kizima kinakufa." Kisha akawaeleza habari ya Ashura, yote, na ya kijiji. Kijiji kilikuwa kimechachamaa. Wanasema nesi wa bara amemwua mtoto kwa kumrusha mama yake kwenye lori. Mkutano umeitishwa Jumamosi, wanataka aondoke. Akaiacha saa mezani, akaenda zake.

Tabu akaifungua ile saa. Ilikuwa asubuhi, baridi ipo. Kwenye kila jiwe alikuta kidonge kidogo cheupe cha mafuta yaliyoganda, na kwenye kimoja sisimizi wawili wamenasa, wamekufa. Ile nazi ilikuwa imeanza kuoza. Ilinuka.

Omari hata hakushangaa. Sikilizeni alivyosema. "Aa, ya kifuani hii. Haipati joto la mkono. Hizi za kifuani huwa zinaganda."

Tabu akamgeukia. "Fundi. Ulikuwa unajua?"

"Kila fundi anajua. Saa ikisimamasimama, mtu anarudi. Isiposimama, nani atakuja kibarazani hapa?"

"Mtoto amekufa, fundi."

"Amri ya Mungu hiyo, si ya Omari. Na wewe nyamaza. Nani atajua mambo ya ndani ya saa? Nesi ni mgeni, atahamishwa, yataisha."

Akatoa ulimi, akaokota skrubu.

Wasikilizaji wapendwa, hapa mnisamehe, nasonya. Nimekaa mbele ya kipaza sauti miaka ishirini na mbili na sijawahi kusonya hewani. Leo nimesonya. Mtu hana haya, hana soni, habari ya maiti ya mtoto iko mezani, naye anatoa ulimi!

Tabu alivua lenzi jichoni, akaiweka mezani, akaichukua saa ya nesi, akatoka. Hakurudi kibarazani pale tena. Lakini msidhani alimwona Omari peke yake kuwa mchafu. Alimwambia binti yake, "Omari alinitia kinyaa siku moja. Mimi nilijitia kinyaa kila nilipoiona mikono yangu." Aliisugua kwa majivu mpaka ikatoka damu.

Na neno la Omari lilikuwa kweli, hilo ndilo baya. Hakuna ambaye angejua. Nesi Agnes aliona saa inachelewa, lakini hajui mashine ya saa wala sababu, na neno lake peke yake kijiji kisingeliamini. Kijiji hakijui. Ilimtosha Tabu kunyamaza tu, nesi afukuzwe, yeye abaki na jina lake jipya la ufundi.

Ijumaa akapanda lori kwenda kule. Lori la chumvi, lile lile. Akalala zahanati. Jumamosi asubuhi, jua halijatoka, akaenda nyumbani kwa Ashura na ile saa, haijasafishwa, mafuta bado yameganda. Mume wa Ashura, Muhidini, akasimama mlangoni. Tabu akasema pale pale, hajakaribishwa, "Mimi ndiye niliyeitia mafuta saa ya nesi. Nesi hakukosea kuhesabu. Saa ilikosea, na saa niliiharibu mimi."

Muhidini akamwambia, "Ondoka kabla sijakutia mkono."

Ndipo sauti ya Ashura ikatoka ndani. "Mwache. Anionyeshe."

Tabu akaingia. Ashura amekaa mkekani, maziwa yamejaa kifua, yanavuja kwenye kanga, hakuna wa kuyanywa. Tabu akafungua mfuniko mbele yake, akamwonyesha kwa ncha ya kisu. Kile kidonge cheupe. Wale sisimizi. Ashura akavuta pumzi, akanusa.

"Nazi?"

"Nazi."

"Hiki tu?"

"Hiki tu."

Ashura akatema mate chini, karibu na mguu wa Tabu. Mkutanoni Tabu akasimama mbele ya kijiji kizima akarudia maneno yale yale. Alizomewa. Mama mmoja alimrushia mchanga usoni. Nesi Agnes hakufukuzwa. Alikaa kijiji kile miaka kumi na tisa.

Tabu akarudi mjini. Akahesabu kichwani saa zote alizotia mafuta ya nazi. Zilikuwa thelathini na moja. Akaenda Naliendele kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kwa bwana mmoja anayetunza mizani ndogo za maabara, akamwomba mafuta ya mizani, mafuta mepesi yasiyoganda. Yule bwana akampa kichupa cha ukubwa wa kidole gumba. Kisha akaanza kuzunguka, nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi, mpaka bandarini. "Naomba saa yako. Niliitengeneza vibaya." Kuna waliocheka. Kuna waliomwita mwizi. Karani mmoja alimnyang'anya saa katikati ya kazi, skrubu zikamwagika. Alizifikia ishirini na nane. Tatu hakuzipata, wenyewe walikuwa wamehama, na kila Julai alikuwa akizitaja.

Baada ya hapo ndipo akawa fundi kweli. Alifungua kibaraza chake Mtawanya, akakaa hapo miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akiinua skrubu karibu na mdomo, anapigwa kofi mkononi. Mteja akileta saa chafu, anaonyeshwa uchafu wake kwanza. "Tazama. Huyu ni wewe." Watu walimwogopa na walikuja.

Bi. Sharifa aliniambia jambo ambalo hata majirani hawakulielewa. "Nyumbani kwetu hatukupika kwa nazi. Pwani hii! Samaki bila nazi, mchicha bila nazi, mpaka Idi wali mkavu. Watoto wenzetu wakitucheka, wanasema mama yenu mchoyo. Nywele alitupaka mafuta ya karanga. Mtu akipita nje anakuna nazi, mama anafunga dirisha."

Nilikwenda msibani Alhamisi. Nyuma kabisa, kwenye mkeka wa mwisho, alikuwepo mama mmoja mtu mzima, amejifunika kanga. Sharifa akaninong'oneza: yule ndiye Ashura. Nikamsogelea, nikampa pole ya msiba, nikamwuliza kama aliwahi kumsamehe marehemu.

"Sikumsamehe," akasema. "Na hili usilifute, liseme huko redioni. Sikumsamehe, na yeye hakuwahi kuniomba. Alikuja kuniambia ukweli, hakuja kuomba kitu."

Nikamwuliza, sasa mbona amekuja?

Akanionyesha saa mkononi, ya zamani, kioo kimekwaruzika. "Hii ya marehemu mume wangu. Ilipoharibika mara ya kwanza, mtoto wangu wa tatu ananyonya, nilifikiri niipeleke wapi. Nikaileta kwake. Nikamwambia, inasimama. Hatukusalimiana. Akaifungua mbele yangu, akanipa kile kichupa ninuse kabla hajatia. Na kila mara ikawa hivyo, nakuja, nanusa, anatia, naondoka. Mafundi wengine wote wangeniambia saa yangu ni nzima, imepona. Huyu peke yake ndiye niliyejua hanidanganyi."

Kwa familia ya Bi. Tabu Mchopa, kwa Bi. Sharifa na wadogo zake, wajukuu, na mafundi wote waliopigwa kofi mkononi kibarazani Mtawanya, tunawapa pole. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, unayefunga nati ukijua italegea, unayechanganya saruji kwa mchanga wa chumvi, unayepima dawa kwa kukisia, ukisema watarudi tu, kaa kidogo leo na mikono yako. Inuse.

Bi. Ashura, najua unanisikiliza, uliniambia una redio. Watu wote hapa wamepewa pole leo isipokuwa wewe, na wewe umesubiri tangu mwaka sabini na tano. Pole kwa mwanao. Alikuwa wa kike. Uliniambia jina ulilotaka kumpa, ukaniomba nisilitaje hewani, na sitalitaja. Pole sana, mama.